Kule Mbele ni Wapi? Hoja ya Sheria ya Kuhesabu Vitanda vya Wagonjwa wa Akili

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa kiza. Methali hii tumeiandika katika insha za shule mara nyingi hata makali yake yamebutuka. Mimi nilirudishiwa makali hayo usiku mmoja katika kituo cha magari cha Otonglo, kando ya barabara kuu itokayo Busia, ikapita Maseno na Kisian, hadi kuingia Kisumu.

Jirani yetu mmoja, mama mjane auzaye samaki wa kukaanga sokoni hapo, alikuwa amekodi gari dogo. Katika kiti cha nyuma aliketi mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu, katikati ya wajomba zake wawili, mikono yake imefungwa kwa leso. Kijana huyo alikuwa hajalala kwa siku nne. Alikuwa akizungumza na watu tusiowaona, na alasiri hiyo aliingia katikati ya barabara kuyasimamisha malori kwa viganja vyake. Niliombwa niandamane nao kwa sababu, katika fikra za mama yule, mtu aliyefika chuo kikuu hawezi kukosa kujua pa kwenda. Sikujua.

Hospitali ya kwanza muuguzi wa zamu alitupokea kwa upole. Alimtazama kijana, akamtazama mama, kisha akasema, "Pole, mama. Wodi yetu imejaa. Jaribuni kule mbele."

"Kule mbele ni wapi, binti yangu?" mama akauliza.

Muuguzi hakuwa na jibu, wala sidhani kwamba alikuwa mkaidi. Alitoa simu yake mwenyewe, kwa salio lake mwenyewe, akawapigia wenzake wawili aliowajua. Mmoja hakupatikana. Wa pili alikuwa likizoni. Hospitali ya pili haikuwa na wodi ya wagonjwa wa akili kamwe, jambo ambalo tungalilijua mapema tusingalifika hapo. Ya tatu ilitaka arubuni ya fedha kabla ya kufungua lango. Kufikia saa tisa za usiku deni la dereva lilikuwa limeumeza mtaji wa samaki wa juma zima. Tukarudi Otonglo. Kijana akalala, ikiwa neno kulala linafaa hapa, katika seli ya kituo cha polisi kwa ombi la mamaye mzazi, na humo alikaa siku mbili hadi kitanda kilipopatikana. Kilipatikana kwa kuwa binamu wa mtu fulani alimjua mtu fulani.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu hakina ajabu yoyote. Kila mkazi wa kandokando ya barabara ile amewahi kuliona gari la namna hiyo likipita kuelekea mjini, nalo hutoka Busia, hutoka Siaya, hutoka Vihiga. Na kila linapopita, waliomo ndani hawajui kama waendako kuna nafasi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kutojua huku si kudura ya Mwenyezi Mungu. Ni pengo katika sheria zetu, na lingeweza kuzibwa.

Msomaji na aniwie radhi nikianza na sheria zilizopo, kwa maana si kweli kwamba hatuna. Katiba ya 2010, katika ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema wazi kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua zaidi. Kifungu cha 7 kinaeleza kwamba matibabu ya dharura yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa, na, endapo hospitali haiwezi kumtibu, kumpangia rufaa. Kumpangia! Yaani anayempokea mgonjwa ndiye atafutaye pa kumpeleka. Kumwambia mama mwenye mwana aliyefungwa kwa leso ajaribu kule mbele si kupanga rufaa hata kidogo. Kifungu hicho hicho kinaitoza faini isiyozidi shilingi milioni tatu hospitali itakayokosa kutoa matibabu ya dharura ilhali ina uwezo wa kuyatoa.

Hapo ndipo penye fundo. Ilhali ina uwezo. Ni nani atakayethibitisha kwamba usiku fulani, saa fulani, hospitali fulani ilikuwa na uwezo? Hakuna daftari la umma linaloonyesha vitanda vilivyokuwa wazi usiku huo. Neno la mlangoni ndilo ushahidi pekee, na neno la mlangoni husema daima kwamba pamejaa. Sheria imeunda kosa, kisha ikalinyima ushahidi. Mficha maradhi kifo humfichua, lakini mficha kitanda hafichuliwi na chochote.

Tukigeukia sheria mahususi ya afya ya akili hali haibadiliki sana. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilichukua mahali pa ile iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Katika kifungu chake cha 16, ilimpa polisi uwezo wa kumshika mtu anayeonekana kuwa mgonjwa wa akili na aliye hatarini au asiye na wa kumtunza, na kumfikisha hospitalini katika muda wa saa 24 au muda mwingine ufaao. Afisa aliyetupokea usiku ule alikuwa anaijua sheria hiyo kuliko mimi. Swali lake lilikuwa jepesi: nimfikishe hospitali gani? Mnamo Juni 2022 sheria hiyo ilirekebishwa pakubwa, kufuatia mswada ulioasisiwa katika Seneti na Seneta Sylvia Kasanga. Marekebisho hayo ni hatua ya kupongezwa bila choyo. Yamezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili katika vituo vyao, yameunda mabaraza ya afya ya akili katika kaunti, na yamemrejeshea mgonjwa utu wake kwa kuorodhesha haki zake. Nimeyasoma nikitafuta jambo moja tu, nalo ni wajibu wa kila hospitali yenye wodi ya akili kutangaza kila siku nafasi ilizo nazo. Sikuliona.

Yamkini kuna atakayesema: vitanda vyenyewe viko wapi hata vihesabiwe? Swali hili ni la haki, na halifai kukwepwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipotoa ripoti yake kuhusu huduma hizi mwaka wa 2017, alibaini kuwa kati ya hospitali 284 za umma za ngazi ya nne na kuendelea, ni 29 tu zilizokuwa zikitoa huduma za afya ya akili, na kwamba takriban nusu ya kaunti 47 hazikuwa na wodi ya wagonjwa hao. Mzigo mkubwa umebebwa miaka yote na hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanza 1910 kama hifadhi ya wendawazimu katika mahali palipokuwa pametengewa wagonjwa wa ndui. Jina lake limegeuka tusi katika vinywa vyetu. Mtu akisema jambo lisilopendeza huambiwa anafaa kupelekwa Mathari. (Sisi wapenzi wa lugha tungefaa kujiuliza ni kwa nini hatujawahi kulifanya tusi jina la hospitali inayotibu moyo au figo.) Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliandika mwaka wa 2011 juu ya utelekezwaji wa sekta hii, na jopokazi lililoongozwa na Daktari Frank Njenga likapendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Kutoka Otonglo hadi Mathari ni safari ya takriban kilomita 350.

Basi uhaba upo. Lakini uhaba ndio unaoipa hesabu uzito. Penye chakula tele hakuna anayehesabu sahani. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipotushukia, taifa hili lilijifunza kuhesabu vitanda kwa kasi ya ajabu. Rais Uhuru Kenyatta aliziagiza kaunti zitenge vitanda visivyopungua 300 kila moja, na Wizara ya Afya ikawa inatusomea siku baada ya siku idadi ya waliolazwa, ya walio katika vyumba vya mahututi, na ya waliohitaji hewa ya oksijeni. Hatukuambiwa kwamba haiwezekani. Hatukuambiwa kwamba hospitali zina shughuli nyingi. Ilipotakikana, ilifanyika.

Kwa hakika sisi wa ufuo wa ziwa tulikuwa na mfano wa zamani zaidi. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iliwahi kuendesha kutoka Kisumu huduma ya kuwaarifu wavuvi bei za samaki kwa ujumbe mfupi wa simu. Mvuvi aliyetia nanga Dunga aliweza kujua bei ya mbuta katika fuo nyingine kabla ya kumkabidhi dalali samaki wake. Mama yule wa Otonglo, ambaye riziki yake ni samaki, huenda akapata habari za mbuta kwa urahisi kuliko habari za kitanda cha mwanawe.

Huu si msiba wetu peke yetu. Mnamo Novemba 2013, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, kijana mmoja aliyechanganyikiwa alishikwa kwa amri ya dharura ili apimwe na kulazwa. Sheria ya huko iliruhusu azuiliwe kwa saa sita tu. Saa zikayoyoma, kitanda hakikupatikana, akaachiliwa arudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata alimshambulia babake kwa kisu, kisha akajiua. Babaye alikuwa Creigh Deeds, mjumbe wa Seneti ya jimbo hilo, naye alinusurika na makovu usoni. Baadaye hospitali kadhaa za eneo lile zilisema kuwa siku hiyo zilikuwa na nafasi. Mwaka uliofuata, Deeds akiwa mstari wa mbele, Virginia ilipitisha sheria ya kuanzisha sajili ya vitanda vya wagonjwa wa akili, ikaongeza muda wa kumzuilia mgonjwa hadi saa nane, na ikazitwika hospitali za jimbo wajibu wa kumpokea mgonjwa asiyepata nafasi penginepo.

Naomba tusikimbilie kuishangilia Virginia, maana sehemu ya pili ya hadithi ndiyo yenye mafunzo. Sajili ilikuwepo, lakini haikuzaa kitanda hata kimoja kipya. Hospitali za binafsi ziliendelea kuchagua wagonjwa. Zile za jimbo, zisizoruhusiwa kukataa, zikafurika. Julai 2021 hospitali tano za jimbo zilifunga milango kwa muda kwa wagonjwa wapya, kwa kukosa wahudumu. Vitanda vilikuwepo. Waliokosekana ni watu wa kusimama kando yake.

Hili linanileta kwenye neno lenyewe. Kitanda ni nini? Katika Kiswahili cha kila siku ni mbao nne na godoro. Katika wodi, neno hilo linabeba muuguzi wa zamu ya usiku, dawa zilizomo kabatini, chakula, daktari atakayepita asubuhi, na mlango ambao mgonjwa hawezi kujirusha kupitia kwake. Orodha rasmi ya vituo vya afya nchini inaonyesha idadi ya vitanda vya kila kituo, lakini idadi hiyo ni ya samani. Haisemi kipi kiko wazi leo, wala haisemi kama anayelala hapo atamwona muuguzi. Sheria ninayoitamani haina budi kuanza na tafsiri: kitanda ni nafasi ambayo mgonjwa anaweza kulazwa usiku huu na kuhudumiwa. Bila tafsiri hiyo tutaletewa hesabu za vyuma vilivyotupwa ghalani.

Nalo jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kiini, ni kwamba sheria isiishie kuhesabu vitanda vitupu. Katika nchi yenye uhaba kama wetu, sajili ya vitanda vitupu itasoma sufuri siku nyingi za mwaka, na baada ya miezi mitatu hakuna atakayeifungua. Linalopasa kuandikwa ni waliorudishwa. Kila mgonjwa wa akili anayefikishwa katika lango la hospitali kwa dharura na asilazwe, aandikwe: saa aliyofika, sababu ya kutolazwa, na mahali alikoelekezwa. Jina halihitajiki, hivyo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitavunjwa. Sababu iwe ni kujaa kwa wodi, ukosefu wa daktari, ukosefu wa dawa, au ukosefu wa arubuni, iandikwe ilivyo. Kijana wetu alirudishwa mara tatu kwa usiku mmoja, na hakuna karatasi yoyote katika jamhuri hii inayosema kwamba alifika popote. Waziri akiulizwa bungeni ni wangapi waliokosa vitanda, atajibu kwa idadi ya waliolazwa, kwani ndio pekee walioandikwa. Asiyeandikwa hana njaa wakati wa bajeti.

Ikumbukwe pia kwamba kukosekana kwa kumbukumbu hizi hakuwaumizi wagonjwa wa akili peke yao. Oktoba 2015 majeruhi mmoja wa ajali alikaa ndani ya gari la wagonjwa jijini Nairobi kwa takriban saa 18 akitafutiwa kitanda cha mahututi, na akafariki. Taifa lilighadhibika. Lakini majeruhi wa ajali ana damu inayoonekana, na wapiga picha hufika. Mwenye neko, kama tusemavyo kwa Kiluo, haonekani kuwa majeruhi. Huonekana kuwa kero, na watu hufurahi gari likiondoka naye.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi halitoki kwa wahasibu bali kwa watetezi wa wagonjwa wenyewe. Wanauliza: kwa nini mnapigania vitanda, ilhali historia ya vitanda ni historia ya kufungiwa? Italia ilipitisha sheria mwaka wa 1978 ya kuyafunga mahospitali makubwa ya wendawazimu, na mkondo wa dunia tangu hapo umekuwa kumtibu mgonjwa katika jamii yake. Kenya iliuridhia mwaka wa 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unatazama kwa jicho kali matibabu ya kulazimishwa. Wanahofu kwamba kitanda kikijulikana kilipo, jamaa waliochoka watamtupa humo mtu wao. Hofu hiyo si ya bure. Nimejiuliza mara nyingi kama tulimtendea haki kijana yule tulipomfunga leso mikononi, na sijapata jibu linalonituliza. Lakini nimwulize mpinzani wangu: alipokosa wodi, alipata jamii? Alipata seli. Anayechukia kuta za hospitali ana sababu ya kutaka ijulikane ni wangapi wanaoangukia katika kuta zilizo mbaya zaidi, na daftari la waliorudishwa litamfaa yeye pia. Litaonyesha ni wangapi ambao wasingalihitaji kitanda iwapo zahanati ya mtaani ingalikuwa na dawa juma lililotangulia. Ninavyojua, ya kijana yule ilikwisha siku kumi kabla ya usiku ule.

Pingamizi la gharama sina muda nalo. Muuguzi aliyetupigia simu kwa salio lake tayari alikuwa anaiendesha sajili hiyo, kwa gharama yake na bila vifaa. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeshaunda wakala na mfumo wa kuunganisha taarifa za hospitali zote. Kuongeza humo safu ya vitanda vya akili na safu ya waliorudishwa si kujenga daraja la kuvuka ziwa.

Kuna swali la nani aitunge sheria hii, na hapa ugatuzi unatutatiza. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti hospitali zake, na serikali kuu zile za rufaa za kitaifa. Wagonjwa nao hawaujui mpaka. Hospitali kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wa Kisumu hadi leo huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, imekuwa ikipokea watu kutoka magharibi yote ya nchi. Sheria ya Bunge la Kaunti ya Kisumu haiwezi kuiamuru hospitali ya Siaya au ya Vihiga itangaze chochote. Kwa hiyo mahali pake hasa ni Bungeni Nairobi, kama rekebisho la sheria ya afya ya akili. Hata hivyo sioni kwa nini tungoje. Kaunti 14 za kanda ya ziwa tayari zina jumuiya yao ya kiuchumi, na magavana wao hukutana. Jumuiya iliyoundwa kwa ajili ya biashara inaweza kuafikiana juu ya nambari moja ya simu, inayopokelewa usiku na mchana, itakayomjibu muuguzi, polisi au mama: nafasi ipo hapa, haipo pale, mwenye gari asiondoke kwanza. Mabunge ya kaunti yakaipa nguvu ya sheria kila moja kwake, kwa maneno yaliyo sawa, na adhabu kwa atakayeandika uongo. Bunge la kitaifa litafuata likitaka.

Kijana yule alilazwa majuma matano, akarejea. Siku hizi humsaidia mamaye kuwasha jiko na kupara magamba, na alasiri hucheza ajua na wazee chini ya mti. Nilipopita Otonglo mwishoni mwa muhula nilimkuta mama na daftari lake la madeni, lile la kurasa za mistari. Alinifungulia ukurasa wa mwisho anionyeshe. Ameandika humo majina ya hospitali saba, nambari za wauguzi kwa kila moja, na alama ya kalamu nyekundu palipo na wodi. Majirani wawili wameshakuja kuazima.